Nani Atalipa Umeme wa Maktaba?



Nimepewa mada ya namna ya kupata fedha za kujenga matawi mapya ya maktaba za umma. Naomba ruhusa yenu niingie kwa mlango wa nyuma. Siku ya kuweka jiwe la msingi, fedha za ujenzi huwa zina wasemaji wengi: mbunge yupo, mfadhili yupo, mkandarasi yupo. Ninazotaka kuzisemea leo ni shilingi zisizo na msemaji, zile za siku ya pili baada ya uzinduzi. Mkutubi alipwe. Umeme uwake. Gazeti la leo liwepo mezani leo. Kitabu kilichochanika kiondolewe, kije kingine. Nimefikia hatua ya kuamini kwamba tawi ambalo shilingi hizo hazijatafutiwa chanzo halali halipaswi kuanza kujengwa, hata kama saruji imetolewa bure.

Kwamba kujenga tunaweza, hilo halina ubishi tena. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Tunakumbuka wote miezi ile: mchanga unamwagwa usiku, mafundi wa mtaani wanapaua, wakuu wa wilaya wanapita kukagua mpaka lipu. Nchi iliyofanya kazi ile kabla muhula mpya haujaanza haiwezi kusimama leo ikasema haijui ipate wapi fedha za chumba cha kusomea. Uamuzi ukiwepo, fedha za ujenzi hupatikana.

Lakini tazameni tofauti. Darasa lilipokamilika, lilikuta mfumo unalisubiri. Walimu walikuwa wachache, ni kweli, lakini walikuwa na mwajiri, mshahara wao ulikuwa na kifungu, na shule ilikuwa na ruzuku yake ya uendeshaji. Tawi la maktaba mara nyingi huzaliwa halina lolote kati ya hayo. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na sijui usemi unaoielezea bajeti ya maktaba kwa ukweli kuliko huo.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu hali hii ina asili yake. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, taasisi ambayo pamoja na kuchapisha vitabu ilisambaza masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha kwa njia ya posta. Mwaka 1960 Sydney Hockey alitoa ripoti yake juu ya maktaba za Afrika Mashariki na kupendekeza kila nchi iwe na bodi iliyoundwa kwa sheria. Tanganyika ikatunga sheria yake 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Tarehe 9 Desemba 1967, katika mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Matawi ya mikoa yakafuata.

Mfumo uliochaguliwa ulikuwa wa bodi moja na mfuko mmoja kutoka Hazina. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara. Halmashauri nyingi zilikuwa changa, hazina uwezo wa kununua hata rafu, na wakutubi waliosomea kazi walikuwa wa kuhesabika. Hata hivyo mfumo huo ulituachia tabia moja ambayo inatutesa hadi sasa: mwananchi wa Bukoba au Songea hakuwahi kuzoea kuiona maktaba kama kitu anachokilipia yeye. Aliiona kama ofisi nyingine ya serikali. Ikifungwa saa tisa, sawa. Ikikosa vitabu vipya kwa miaka, sawa. Hajawahi kuandamana mtu kwa sababu maktaba imekosa vitabu, na diwani hajawahi kunyimwa kura kwa sababu hiyo.

Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, zilianzishwa maktaba za vijiji. Wazo lilikuwa zuri ajabu: mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40 apate cha kusoma kesho yake, asije akasahau. Chumba kilipatikana kijijini, kabati likapatikana, vitabu vya kwanza vikaja. Halafu awamu ya pili ya vitabu haikuja. Vile vya kwanza vikasomwa mpaka kurasa zikalegea, mwangalizi aliyekuwa akijitolea akachoka, uchumi wa nchi ukayumba, chumba kikageuzwa stoo ya mahindi. Ukiwauliza wazee wa vijiji hivyo, wanakumbuka vitabu. Hawakumbuki siku maktaba ilipofungwa, kwa sababu haikufungwa siku moja.

Sasa niwaombe mchukue kalamu. Nataka tupige hesabu ya tawi moja dogo, hadharani, shilingi kwa shilingi. Bei ni za kukadiria. Kila mmoja atabadilisha kulingana na mahali pake.

Tuchukulie tawi lenye ukubwa wa madarasa manne. Kwa kipimo kile cha milioni 20 kwa chumba, ni milioni 80. Ongeza vyoo, uzio, tanki la maji, meza, viti, rafu, kompyuta chache na vitabu vya kuanzia, tuseme jumla milioni 150. Hiyo ndiyo namba itakayoandikwa kwenye bango.

Halafu mlango unafunguliwa. Mkutubi mmoja kwa shilingi 800,000 kwa mwezi, msaidizi wake 500,000, walinzi wawili 250,000 kila mmoja, mtu wa usafi 200,000. Hapo tumefika milioni mbili kwa mwezi, milioni 24 kwa mwaka, na hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye unaweza kumwondoa maktaba ikabaki maktaba. Umeme na maji, 200,000 kwa mwezi: milioni 2.4. Intaneti, 150,000: milioni 1.8. Magazeti manne kwa siku 300: milioni 1.2. Vitabu vipya 400 kwa mwaka, kwa wastani wa shilingi 15,000: milioni 6. Matengenezo, yaani bati linalovuja, kitasa, bomba, rangi, kiti kilichovunjika: milioni 3. Jumlisheni. Ni milioni 38.4 kwa mwaka.

Maana yake ni kwamba kila mwaka tawi hili linakula zaidi ya robo ya gharama ya kulijenga. Mwaka wa nne ukiisha, tutakuwa tumetumia milioni 153.6 kuliendesha, zaidi ya tulivyotumia kulijenga, na jengo lenyewe linatarajiwa kusimama miaka 50. Anayekuja na milioni 150 ametuletea mwanzo wa deni. Tumshukuru kwa dhati, kisha tumwonyeshe ukurasa wa pili.

Yupo mtu mmoja tajiri aliyelielewa hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, na nadhani tunapaswa kumsoma kwa makini, mazuri yake na mabaya yake. Andrew Carnegie alizaliwa Dunfermline, Uskoti, 1835, mtoto wa mfumaji. Familia ilihamia Marekani 1848, akafanya kazi kiwandani akiwa mvulana, na mwungwana mmoja wa huko, Kanali James Anderson, alikuwa akiwafungulia vijana wafanyakazi maktaba yake binafsi kila Jumamosi. Carnegie hakusahau. Alipokuwa tajiri wa chuma, alianza kujenga maktaba, ya kwanza hukohuko Dunfermline mwaka 1883. Hadi 1929 fedha zake zilikuwa zimejenga maktaba 2,509 duniani, kati ya hizo 1,689 Marekani na 660 Uingereza na Ireland.

Alikuwa pia mwajiri mkali. Mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead walipogoma, mzozo uliishia kwa vifo, na ilikuwepo miji iliyokataa fedha zake kwa sababu hiyo. Wafanyakazi waliokuwa wakisimama saa 12 mbele ya tanuru walihoji wangesoma saa ngapi. Swali hilo lilikuwa la haki, nami silifuniki.

Ninachotaka tukichukue kwake ni sharti lake. Mji ulioomba maktaba haukupelekewa fedha hivi hivi. Katibu wake, James Bertram, alituma fomu yenye maswali: mna watu wangapi, mna maktaba sasa hivi, mna kiwanja, na baraza lenu litatoa kiasi gani kila mwaka kutoka kwenye kodi? Ukiomba dola 10,000, baraza la mji lilipaswa kupitisha azimio rasmi la kutoa dola 1,000 kila mwaka, miaka yote. Asilimia kumi ya gharama ya ujenzi, kwa sheria, kutoka mfukoni mwa wenyewe. Kiwanja pia kilikuwa juu yenu. Ipo miji ambayo mazungumzo yaliishia hapo. Jiji la New York lenyewe, lilipopata dola milioni 5.2 mwaka 1901 kwa ajili ya matawi yake, lilifunga mkataba wa kutoa viwanja na kuyatunza.

Hebu fikirieni sharti hilo lilivyofanya kazi. Mji uliotaka jengo ulilazimika kwanza kubishana wenyewe kwa wenyewe: tunaitaka maktaba kiasi cha kuilipia kodi? Ubishi ulifanyika kabla ya msingi kuchimbwa. Waliokubali walikuwa wamekubali kweli, na baada ya hapo maktaba haikuwa ya Carnegie tena.

Hata hivyo sharti hilo halikutosha. Mwaka 1915 taasisi yake, Carnegie Corporation, ilimtuma mchumi Alvin Johnson azunguke kuona maktaba hizo zinaendeleaje. Alirudi na picha isiyopendeza. Majengo yalisimama, lakini wengi wa wahudumu wake hawakuwa na mafunzo, na fedha za mwaka zilikuwa finyu. Alishauri fedha zielekezwe zaidi kwa watu na mafunzo yao. Mwaka 1917 ufadhili wa majengo mapya ulisitishwa. Nami naongeza hesabu yetu ya dakika chache zilizopita. Asilimia kumi ya milioni 150 ni milioni 15, na hiyo hailipi hata mishahara ya tawi letu dogo. Kwetu ujenzi ni nafuu kuliko kwao, kwa sababu madarasa tunayajenga kwa mafundi wa mtaani, ilhali kitabu na umeme havina bei ya mtaani. Anayetaka kuiga kanuni ya Carnegie hapa Tanzania aanze na robo, asianze na sehemu ya kumi.

Fedha za Carnegie zilifika hata Afrika Mashariki. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 kwa fedha za Lucie McMillan, kwa kumbukumbu ya mumewe, pamoja na mchango wa Carnegie Corporation. Ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1962 ikakabidhiwa Halmashauri ya Jiji. Jengo hilo lina sheria yake mahususi ya Bunge inayolilinda, heshima kubwa sana kwa jengo. Lakini sheria inayolinda kuta si kifungu cha bajeti. Matawi ya Kaloleni na Makadara, yaliyo katika mitaa ya watu wa kawaida, yalichakaa mpaka ikabidi asasi ya Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, iingie ubia na Kaunti ya Nairobi kuyakarabati. Kazi yao ninaiheshimu mno. Kilichonigusa zaidi ni kwamba waliwaita wakazi wa mitaa hiyo na watumishi wa maktaba kuwa sehemu ya kazi, hawakuishia kupaka rangi.

Kenya inatufundisha jingine pia. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Uganda ilikwishafanya jambo la namna hiyo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997. Nakubaliana na nia: maktaba iwe karibu na anayeitumia, na aliye karibu ndiye aidai. Lakini jukumu linaweza kuhama kwa siku moja, na fedha zikabaki njiani kwa miaka. Huko Kenya makabidhiano ya matawi yalichukua miaka mingi, na katikati yake lilikuwepo swali lilelile la nani anawalipa watumishi. Maktaba ikifika kwenye bajeti ya mtaa bila fungu lake, inashindanishwa na zahanati na barabara. Itashindwa kila mwaka, na mimi mwenyewe nikiwa diwani, mama mjamzito akiwa njiani, sijui kama ningeichagua maktaba. Ndiyo maana isishindanishwe hivyo.

Mji tajiri nao hujikwaa hapohapo. Novemba 1998 wapiga kura wa Seattle, Marekani, waliidhinisha hatifungani ya dola milioni 196.4 kwa ajili ya maktaba. Mji ulikopa, ukaahidi kulipa kwa kodi ya majengo, na ulitimiza: jengo kuu jipya lililobuniwa na Rem Koolhaas lilifunguliwa Mei 2004, matawi mapya yakajengwa, ya zamani yakakarabatiwa, kazi ikakamilika 2008. Ni moja ya kazi nzuri zaidi za aina yake. Fedha hizo zilikuwa za majengo. Mtikisiko wa uchumi ulipofika, mwaka 2009 maktaba zote za mji zilifungwa kwa wiki nzima ili kupunguza matumizi, na mwaka uliofuata saa za kufungua matawi mengi zikapunguzwa. Majengo mapya, rangi haijapauka, milango imefungwa! Wananchi wakarudi kwenye sanduku la kura mwaka 2012 na kujitoza kodi maalumu ya dola milioni 123 kwa miaka saba, safari hii kwa ajili ya saa za kufungua, vitabu na matengenezo. Mwaka 2019 wakairudia kwa dola milioni 219. Walijenga kwanza, wakajifunza, wakalipa. Sisi hatuna nafasi ya kujifunza kwa gharama hiyo.

Basi chanzo chetu kiwe kipi? Watu huniambia Watanzania hawawezi kutozwa kwa ajili ya maktaba. Nawajibu: toeni simu zenu, tafuteni ujumbe wa mwisho wa kununua umeme wa LUKU. Someni mistari yake. Kuna kodi ya ongezeko la thamani. Kuna EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia moja. Kuna REA, Wakala wa Nishati Vijijini, asilimia tatu. Kuna kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa humohumo, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023.

Mstari wa REA nauona kuwa moja ya mambo ya haki kabisa tuliyowahi kufanya kama nchi. Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 iliunda mfuko wenye chanzo chake. Kila anayenunua umeme mjini anachangia kidogo ili nguzo ifike kijijini. Hakuna mfadhili aliyetuzuia kuupanga, hakuna uzinduzi kila mwezi, hakuna anayeomba upya kila Juni. Fedha inatoka, inakwenda inakopaswa kwenda, na taa zimewaka katika vijiji ambavyo miaka 20 iliyopita vilikuwa giza. Mfuko wa Barabara nao unaishi kwa tozo ya mafuta kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo tusiseme jambo hili ni geni. Tunalijua, tumelifanya, na tumelifanya kwa vitu tulivyoamua kuwa ni vya lazima.

Pendekezo langu ni hili. Katika zile shilingi 1,500 za kodi ya majengo, shilingi 50 zitengwe kisheria kwa maktaba za wilaya husika, bila kuongeza mzigo kwa mwenye nyumba. Ni shilingi 600 kwa nyumba kwa mwaka. Wilaya yenye nyumba 64,000 zinazolipa itapata milioni 38.4, yaani tawi moja kamili, kwa hesabu tuliyoipiga pamoja. Wilaya yenye nyumba chache haitafikia, na hapo ndipo Bodi ya Huduma za Maktaba na Hazina wanapaswa kujazia, kama umeme wa mjini unavyojazia wa kijijini. Fedha hizo zikae katika akaunti yake. Zikiingia kwenye mfuko mkuu wa halmashauri zitaliwa na dharura ya kwanza, na dharura hazikosekani.

Kwa ujenzi wenyewe, njia zipo kadhaa na sitakaa nazo sana. Mfuko wa Elimu wa Taifa, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, unafadhili miundombinu ya elimu. Tawi la maktaba ni miundombinu ya elimu. Wapo wanaotaja hatifungani, wakitolea mfano Mamlaka ya Maji Tanga, ambayo mwaka 2024 iliorodhesha hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ule ni ushindi wa kujivunia. Ila maji yana ankara, na ankara ndiyo inayolipa wawekezaji. Maktaba ya umma haina ankara na haipaswi kuwa nayo. Hatifungani ya maktaba italipwa kwa kodi au haitalipwa.

Wafadhili karibuni sana, kwa sharti moja: msituletee kontena. Vitabu vilivyofutwa katika maktaba za mbali, ensaiklopidia za miaka 30 iliyopita, miongozo ya mitihani isiyo ya kwetu, vinagharimu ushuru, usafiri na nafasi ya rafu, na bado mtoto wa darasa la nne hapati hadithi ya Kiswahili. Leteni fedha za kununua kwa wachapishaji wa hapa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, tangu 1991, ulionyesha kinachotokea mchapishaji anapohakikishiwa mnunuzi wa sehemu kubwa ya nakala: anathubutu kuchapa, na mwandishi anathubutu kuandika. Matawi 100 yakinunua nakala moja moja ya kitabu kipya, hizo ni nakala 100 zenye uhakika kabla duka lolote halijafunguliwa. Kwa mchapishaji wetu wa hadithi hiyo si idadi ndogo.

Nizungumzie kiwanja, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Tawi likiwekwa nje ya mji kwa sababu huko ndiko kiwanja kilikopatikana bure, mwanafunzi atalipa nauli kila siku kwa ajili ya akiba yetu ya siku moja. Manispaa ya Tower Hamlets, mashariki mwa London, ilipowauliza wakazi wake kwa nini hawaendi maktaba, ilisikia kwamba wangekwenda kama ingekuwa karibu na wanakonunua mahitaji yao. Zikajengwa maktaba zilizoitwa Idea Store, karibu na masoko na vituo vya usafiri. Ile ya Whitechapel, iliyofunguliwa 2005, ilibuniwa na David Adjaye, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Sisi tumejenga masoko ya kisasa na stendi za mabasi katika miji mingi kwa miaka ya karibuni. Baadhi ya stendi hizo zina fremu za maduka ghorofani. Fremu tatu zilizounganishwa, zenye choo tayari, mlinzi tayari na umeme tayari, ni tawi la maktaba ambalo nusu ya gharama zake za ulinzi zimekwishalipwa. Halmashauri itapoteza kodi ya fremu tatu. Itapata watoto 60 wanaosubiri wazazi wao sokoni wakiwa na kitabu mkononi.

Ingieni katika maktaba yoyote ya mkoa siku ya wiki, saa nane mchana. Meza zimejaa. Tazameni kilichopo mezani: madaftari, nakala za mitihani iliyopita, chaji ya simu imechomekwa ukutani. Wengi hawasomi vitabu vya maktaba. Wamekuja na vyao, kwa sababu vya kwenye rafu vimezeeka. Wamefuata meza, mwanga na ukimya, vitu ambavyo nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba haiwezi kuwapa. Nilikuwa nikisikia baadhi ya wenzangu wakisikitika kwamba hao "si wasomaji". Mimi nawaona kuwa wasomaji wenye njaa zaidi tulionao. Wanatuambia wanahitaji nini, kwa miili yao, kila siku: saa nyingi zaidi, taa za jioni, na kitabu cha mwaka huu. Tawi linalofungwa saa tisa na nusu na kulala Jumapili limewafungia mlango walewale waliolifuata.

Waheshimiwa madiwani, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vifungu vyake vinaandikwa miezi mingi kabla, kuanzia mikutano ya mitaa na vijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mnapoletewa andiko la tawi jipya, na naomba yaje mengi, msilikatae na msilipitishe kabla hamjaona hati ya kiwanja, ikama ya watumishi iliyokubaliwa na utumishi, na azimio la baraza lenu linalotaja kiasi cha kila mwaka na chanzo chake. Mkurugenzi akisema kifungu cha maktaba hakipo, ombeni kifunguliwe mwaka huu hata kikiwa na shilingi milioni moja tu. Mweka hazina hawezi kuongeza fedha katika kifungu kisichokuwepo.

Ile hesabu ya milioni 38.4 nimeiandika katika karatasi moja. Ipo mezani pale mlangoni. Atakayeichukua afute bei zangu, aweke za wilaya yake, kisha aipeleke kwenye kikao cha kata. Sasa nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wanafunzi, maana wao ndio watakaotutajia saa za kufungua.